Mwulize Fundi: "Wanasema mwanangu ni mfupi mno"

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la bawaba za kabati la jikoni, nikaropoka kwamba Jumapili zangu za kwanza hapa Charlotte nilizimaliza nikiuza karanga uwanjani. Basi! Bawaba zimesahaulika. Mwezi huu barua zote tatu zilizonifikia ni za mpira wa Kimarekani. Sawa, nitajibu, lakini mjue anayejibu ni seremala wa Ngamiani, Tanga, wala hajawahi kuvaa helmeti isipokuwa ya pikipiki.

*Papa Fundi, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto watano, natoka Fizi, Kongo. Tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na miwili kabla ya kuletwa Louisville, Kentucky. Mtoto wangu wa pili ana miaka 16. Tangu mwaka jana anacheza mpira ule wa helmeti, nafasi wanayoiita lainibeka. Mwezi uliopita kocha mmoja wa shuleni kwake alimwambia mbele ya wenzake kwamba kwa urefu wake, futi 5 na inchi 8, asahau kucheza chuoni. Tangu siku hiyo hasemi, hali vizuri, na sasa anataka kuacha darasa la useremala ili saa hizo awe anabeba vyuma. Baba yake anasema tumwache, kuna mamilioni huko. Mimi naogopa kichwa chake. Lainibeka ni kazi gani hasa? Ni kweli mtu mfupi haiwezi? Na je, nimkataze?*
*Mama wa watano, Louisville*

Mama, shikamoo ya Tanga nakutumia, ingawa najua kwenu Fizi mnasalimiana vingine. Kabla ya yote, darasa la useremala asiliache. Usicheke. Nitarudi hapo, na si kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Lainibeka mfikirie kama namba sita wetu, kiungo mkabaji. Timu inayolinda ina watu kumi na mmoja. Mbele kabisa wanainama wanaume wanne, wakati mwingine watatu, wazito kama magogo ya mvule, na kazi yao ni kusukumana. Nyuma kabisa wako wepesi wanaokimbizana na wadaka mpira. Katikati ya hayo makundi mawili ndipo anaposimama mwanao na wenzake wawili au watatu. Akija mtu na mpira mkononi kupita katikati, ni wake. Mpira ukirushwa mfupi hapo karibu, ni wake. Yule mrushaji, kwotabeki, akizubaa, lainibeka anaweza kutumwa kumfuata na kumwangusha. Na yule wa katikati kabisa ndiye anayewapanga wenzake kwa sauti kabla mpira haujaanza. Katika ligi kuu, NFL, tangu mwaka 2008 mlinzi mmoja huvaa helmeti yenye redio ndani na kidoto cha kijani nyuma, ili kocha amnong'oneze mpango. Mara nyingi ni lainibeka huyo wa katikati. Zamani walipungiana mikono tu.

Kwa hiyo ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mabega. Mzee mmoja niliyeuza naye karanga, mstaafu wa reli, ndiye aliyenifundisha kutazama. Mimi nilikuwa nafuata mpira kwa macho kama tunavyofuata sisi kwenye soka, nikawa sielewi kitu. Akaniambia niache mpira, nimtazame yule bonge anayeinama mbele upande wa timu inayoshambulia, wanamwita gadi. Gadi akirudi nyuma, anamkinga kwotabeki, maana yake mpira utarushwa. Akichomoka kwenda pembeni, mpira unabebwa kuelekea huko huko. Akijitupa mbele, wanakuja katikati. Lainibeka anayasoma haya kabla mimi sijameza karanga moja. Siku ile nilimkumbuka mjomba wangu aliyenifunza kazi. Alikuwa akinizaba kofi nikigusa ubao kwa randa kabla sijautazama uzi wake unaelekea wapi. Ukipiga randa kinyume cha uzi, mbao inachanika. Hakuna misuli ya kukuokoa hapo.

Sasa urefu. Mwite kijana, mkalishe, umsimulie habari za Sam Mills.

Nje ya uwanja wa timu ya hapa, Carolina Panthers, kuna sanamu yake. Nilipita mbele yake na boksi la karanga msimu mzima wa 2003 bila kujua ni nani. Nilidhani ni sanamu ya mchezaji yeyote tu, pambo. Na siku hizo hizo mwenyewe alikuwa mle ndani, kando ya uwanja, kocha wa malainibeka, na saratani ya utumbo mwilini.

Alizaliwa mwaka 1959 New Jersey. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 9. Inchi moja tu, mama, ndiyo anayomzidi mwanao, na mwanao ana miaka 16, bado anakula na kurefuka. Vyuo vikubwa havikumtaka. Akaenda Montclair State, chuo cha daraja la tatu katika michezo, daraja ambalo halitoi hata senti ya ufadhili kwa ajili ya mpira. Alipomaliza, hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Mwaka 1981 akaomba kujaribiwa Cleveland, wakamwondoa. Akavuka mpaka kwenda Toronto, Kanada. Wakamwondoa na wao.

Unajua akafanya nini? Akarudi New Jersey akawa mwalimu wa sekondari, East Orange. Alifundisha upigaji picha. Na alifundisha useremala.

Mzee wa reli aliponiambia hilo nilikaa chini kwenye ngazi za uwanja, karanga zikapoa. Miezi ile nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nimetoka fundi mwenye karakana na vijana wawili chini yangu, nikaja huku kubeba boksi kifuani na kupiga kelele "karanga, karanga" kwa Kiingereza kibovu. Kumbe mtu wa sanamu naye alishawahi kusimama mbele ya watoto akiwaonyesha jinsi ya kushika patasi wasijikate, huku ndani ya moyo wake akijua anaweza kucheza mpira kuliko waliomfukuza.

Mwaka 1983 ikaanzishwa ligi nyingine, USFL, ikawa inahitaji watu. Kocha yule yule wa Cleveland aliyemwacha ndiye aliyempigia debe kwa timu ya Philadelphia. Kocha wa huko, Jim Mora, alipomwona mara ya kwanza naye aliona ufupi. Kisha akamwona akicheza. Walichukua ubingwa wa ligi ile mara mbili, 1984 na 1985, na Mora alipoitwa kwenda kufundisha New Orleans Saints mwaka 1986 akamchukua Mills. Huyo ndiye kocha aliyekuja kusema kwamba katika wote aliowafundisha, Mills ndiye bora. Saints walikuwa timu ya kuchekwa, tangu waanzishwe hawajamaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka 1987 wakashinda mechi 12, wakapoteza 3. Malainibeka wao wanne, Rickey Jackson, Vaughan Johnson, Pat Swilling na Mills, msimu wa 1992 walichaguliwa wote kwenye timu ya nyota wa ligi. Wanne wa timu moja, mstari mmoja! Haijawahi kutokea tena.

Utauliza, ufupi ulikwenda wapi? Ulikuwa pale pale. Ila kwenye kugongana, anayeingia chini ndiye anayemnyanyua mwenzake. Kila fundi anayejua kabari anaelewa: kipande kidogo cha mti, ukikipenyeza chini ya mlango mzito, mlango unasimama. Mtu wa futi 6 na inchi 5 anahangaika kujikunja. Mills alikuwa kabari tayari, tena kabari ya kilo mia na zaidi. Ufupi ukiwa na wembamba, mama, hapo nitakuwa nakudanganya nikisema hakuna shida. Vyuma abebe. Lakini abebe baada ya masomo.

Mwaka 1995 ikaanza Carolina, timu mpya kabisa, haina hata uwanja wake bado, inachezea kwenye uwanja wa chuo cha Clemson, South Carolina. Mills akaja akiwa na miaka 36, umri ambao wengi walishaanza kunenepa na kuuza magari. Walipoteza mechi tano za kwanza. Ya sita, Oktoba, na New York Jets, kwotabeki wa Jets akataka kumpenyezea mwenzake pasi fupi ya chini chini. Mills alikuwa ameshasoma. Akaudaka mpira yeye, akakimbia nao yadi 36 hadi mwisho. Ndiyo mechi ya kwanza Panthers kushinda katika maisha yao. Msimu uliofuata walifika mchezo mmoja kabla ya fainali, naye akiwa na miaka 37 akahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi nzima. Kwa misimu mitatu ya mwanzo ya timu ile, yeye peke yake ndiye aliyeanza kila mechi. Kisha akastaafu, akawa kocha.

Saratani iligunduliwa Agosti 2003. Akawa anatibiwa na kufundisha. Januari 2004, kabla ya mechi ya mtoano na Dallas, akazungumza na wachezaji. Aliwaambia kwamba alipoambiwa anaumwa aliona njia mbili, kukata tamaa au kuendelea kugonga, naye aliendelea kugonga. Neno alilotumia wengine watalitafsiri kutwanga, wengine kupiga. Mimi nasema kugonga, kama msumari kwenye mninga: hauingii kwa pigo moja, unagonga, unagonga. Wakaifunga Dallas, wakafika hadi fainali kule Houston, wakafungwa na New England 32 kwa 29. Yeye alifariki Aprili 2005, miaka 45. Maneno yale sasa yameshonwa ndani ya kola ya jezi ya timu, na kabla ya mechi za nyumbani hualikwa mtu kupiga ngoma kubwa kwa ajili yake. Mwaka 2022 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira huo, Canton, Ohio. Mke wake ndiye aliyesimama kumsemea.

Kuhusu kichwa, hofu yako ni ya kweli na asikucheke mtu. Malainibeka wanagongana sana. Junior Seau wa San Diego alicheza misimu 20, mmoja wa wakubwa kabisa wa nafasi hiyo. Mwaka 2012 alijitoa uhai, miaka 43, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na ugonjwa unaotokana na vipigo vya kichwa vya miaka mingi, ugonjwa ambao mpaka leo hauthibitishwi kwa mtu aliye hai. Sitakuambia umkataze wala umruhusu, mimi si daktari wala si baba yake. Nakuambia haki yako: majimbo yote ya Marekani yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa watoto wa shule. Akionyesha dalili lazima atolewe, na asirudi uwanjani bila idhini ya mtaalamu wa afya. Dalili unazijua nyumbani kuliko kocha. Kichwa kuuma, mwanga kumkera, kutapika, kusahau ulichomtuma dakika tano zilizopita, kulala kupita kawaida au kukosa usingizi, hasira za ghafla. Watoto wanaficha, mama, wanaogopa kupoteza namba. Na yule anayeacha kula na kusema, usikubali haraka kwamba ni huzuni ya maneno ya kocha tu. Muulize kama aligongwa wiki ile. Mpeleke akapimwe. Hilo fanya kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Kisha nenda ukaone anavyofundishwa kukaba. Mlinzi anaingia kwa bega, kichwa kimeinuka, macho yanamtazama anayekuja. Ukiona mtoto anainamisha kichwa na kutangulia na utosi kama kondoo dume, na kocha anampigia makofi, hapo mtoe, hata kama ni siku ya fainali. Shingo ndiyo inayovunjika kwa mtindo huo.

Na baba yake mwambie hivi, kwa heshima zote. Katika kila wachezaji mia wa chuo hawafiki wawili wanaoingia NFL, na wanaoingia wengi hukaa kama miaka mitatu tu. Hayo mamilioni yapo kama samaki wa baharini walivyopo. Kinachopatikana ni chuo. Ili achezee vyuo vya daraja la kwanza mtoto anahitaji masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4. Aende kwa mshauri wa masomo wa shule mwaka huu, asingoje wa mwisho, aulize yake yamefika mangapi. Vyuo vya daraja la tatu, kama alichosoma Mills, havilipii mpira, lakini hutoa misaada kwa alama nzuri na kwa familia zenye kipato kidogo. Kwenu hapo mlango upo.

Darasa la useremala sasa unaona kwa nini. Mtu wa sanamu aliishi kwa darasa hilo walipomfunga milango. Mwambie akimaliza kigoda chake cha kwanza anitumie picha. Nitakisema vibaya, ndiyo kazi yangu.

*Fundi mkubwa, niaje. Mimi nacheza raga hapa Nairobi, niko na futi 6 inchi 3. Wasee wananiambia nifuate njia ya Daniel Adongo niende NFL. Aliwezaje? Na raga inasaidia lainibeka?*
*Mchezaji, Nairobi*

Kijana wangu, marahaba, nimechukulia hiyo "niaje" kuwa shikamoo.

Adongo alisoma Rift Valley Academy pale Kijabe, akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsaini bila ya yeye kuwahi kucheza mechi hata moja ya mpira huu. Wakamweka lainibeka wa pembeni. Desemba mwaka ule ule akaingia uwanjani dhidi ya Cincinnati, Mkenya wa kwanza katika ligi hiyo. Mwili alikuwa nao wa ajabu: futi 6 na inchi 5, mbio, nguvu. Lakini alicheza mechi chache, na zaidi katika vikosi vya mipira inayopigwa kwa mguu, pale ambapo kazi ni kukimbia na kukaba.

Soma barua ya juu tena. Mills alikuwa amemtazama gadi tangu utotoni. Adongo alianza kumtazama na miaka 23. Raga itakupa kukaba vizuri, tena salama zaidi, kwa kuwa nyinyi hamna helmeti mnajua kukilinda kichwa. Haitakupa uzi wa mbao. Huo unapatikana kwa kutazama maelfu ya mara. Mlango siku hizi ni mpana kuliko wa Adongo: tangu 2017 NFL ina mpango wa kuwaandaa wachezaji wa nje ya Marekani, na mwaka 2023 walileta kambi Nairobi kwenyewe. Ukipata video za mechi, fanya kama mzee wa reli alivyonifanyia. Funika mpira kwa kidole kwenye skrini. Mtazame gadi. Sema kwa sauti "anabeba" au "anarusha" kabla haijatokea, halafu ujihesabie makosa. Ukifika kukosea mara mbili katika kumi, niandikie tena.

Na usiache kazi unayoifanya sasa kwa ajili ya maneno ya wasee.

*Fundi, mechi ya dakika 60 inachukuaje masaa matatu? Na wanacheza kwa mikono, mbona wanaita mpira wa miguu?*
*Mkereketwa wa Coastal Union, Tanga*

Wa nyumbani! La jina sina jibu litakalokuridhisha, nenda kawaulize wenyewe. La masaa ninalo. Saa yao inasimama kila mara: pasi ikianguka chini, mtu akitoka nje ya mstari, kocha akiomba mapumziko, televisheni ikitaka matangazo. Na hata inapotembea, wanakaa kwenye duara wakipanga. Waliopima wanasema mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu. Muda wote uliobaki watu wako kwenye viti, mikono haina kazi, midomo inataka kutafuna. Huo ndio ulionilipia kodi ya nyumba miaka minne.